Mistari ya Marehemu Isidori

Jumapili, 25 Februari

Nimeingia Mkumbi saa nane mchana na mabegi mawili, kamera mbili na goti moja bovu. Mama Kunigunda alikuwa mlangoni akipepeta maharage ya mbegu. Nikapiga goti, lile zima, nikasema shikamoo.

"Marahaba," akajibu bila kuacha kupepeta. "Wewe ndiye uliyemuua mume wangu?"

Hapo hapo mzee mrefu akatoka nyuma ya nyumba na ndoo ya chakula cha nguruwe. "Karibu, binti yangu," akasema. "Mimi ndiye marehemu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Niandike yote leo, maana kesho nitaanza kujitetea. Machi 1997 nilikuwa afisa habari wa wilaya, msichana wa miaka ishirini na sita, nimeletwa Mbinga kutoka kwetu Tukuyu. Asubuhi moja gari la ofisi lilinileta huku kupiga picha za ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji na udongo kwenye miteremko. Nilimkuta mwanamke peke yake mlimani, anatandaza majani kwa miraba kabla udongo haujawekwa juu. Ofisini nilikuwa nimefundishwa kwamba kufyeka na kutandaza majani ni kazi ya mwanamume, na kulima kuyafukia ni kazi ya mwanamke. Basi nikajumlisha mwenyewe: mwanamke anatandaza, kwa hiyo mume hayupo. Dereva alikuwa anapiga honi. Nyuma ya picha nikaandika: "Mjane wa Kimatengo akitandaza majani." Sikumuuliza hata jina lake.

Picha ikawekwa pamoja na maneno yale kwenye kalenda ya mwaka 1998, na kalenda ikatundikwa kila parokia, kila zahanati na kila duka kuanzia Mbinga hadi ziwani. Mume wa huyo mwanamke alikuwa hai, mzima, na anakwenda kanisani kila siku. Kijiji kizima kikaanza kumwita Marehemu, na hadi leo ni Marehemu.

Sikuyajua hayo. Picha ile ilinipa jina, nikaacha kazi ya serikali, nikashika kamera. Tangu hapo nimekaa miezi saba na wavunja kokoto, mwaka mzima na wafagia reli, masika mawili na wachemsha chumvi. Wenzangu husema Loveth hapigi picha kabla hajala ugali wa watu mpaka sufuria limjue. Kumbe ile ya kwanza, iliyozaa zote, niliipiga kwa nusu saa.

Sasa Nicholaus, mhariri wangu wa Dar es Salaam, anatengeneza kitabu cha kazi zangu zote na anaitaka picha hiyo jaladani. Mwaka jana kwenye maonyesho Songea, muuguzi mmoja alisimama mbele ya picha hiyo akanong'ona: "Huyu ni mama yangu. Na baba yangu hajafa." Ni Devotha, binti yao, anayefanya kazi Liuli. Ndiyo maana nimekuja. Nataka msamaha wa Mama Kunigunda, ruhusa yake, na maneno ya kweli ya kuweka chini ya picha. Asipotoa, picha inatoka kitabuni.

Nimemweleza hivyo hivyo. Akasema: "Msamaha nimekupa. Maneno sikupi. Na mimi usinipige picha tena."

Nikauliza kama naweza kukaa. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila yeye hana siku mbili za kupoteza. Akanipa jembe jioni ile ile.

Jumanne, 27 Februari

Mvua kutwa. Tumechambua mbegu. Nyumba imezungukwa na mibuni pande zote, na tunakunywa chai.

Jumamosi, 2 Machi

Mikono ina malengelenge manne. Mzee Isidori na nyengo yake, mundu wa Kimatengo, anafyeka majani ya shamba la juu. Mchana anayatandaza yale yaliyokauka, mstari wa kushuka, mstari wa kukatiza, miraba kama ya daftari la hesabu. Kesho yake sisi wanawake tunaingia katikati ya kila mraba, tunachimba, udongo tunautupia juu ya majani. Katikati linabaki shimo, kando yanabaki matuta, na kwenye matuta ndiko tunakopanda maharage. Ukisimama ng'ambo unaona mlima mzima umefumwa.

Mimi nachimba vibaya. Mama Kunigunda anayachimba upya mashimo yangu bila kunikemea, na hilo linauma kuliko matusi.

Jirani yao Pankras alipita akapaza sauti: "Marehemu, hujambo?" Mzee akajibu: "Huku ahera hatujambo!" Inaonekana wamesalimiana hivyo kila siku kwa miaka ishirini na sita. Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Jumatano, 6 Machi

Goti. Mvua. Kande.

Jumamosi, 9 Machi

Desturi yangu ni wiki mbili bila kamera. Zimeisha leo. Tukiwa tunamenya viazi nilimuuliza Mama Kunigunda kile nilichopaswa kumuuliza mwaka 1997.

"Mama, siku ile kwa nini ulikuwa unatandaza majani wewe?"

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Mzee alikuwa wapi?"

"Kanisani. Anaenda kila asubuhi. Menya nyembamba, unatupa kiazi chote."

Baadaye, bila kunitazama: "Ukitaka kupiga, piga majani. Piga mashimo. Mimi na uso wangu tuache."

Sijawahi kunyimwa uso kwa upole namna hii. Nimeweka jiwe juu ya kichuguu mahali ambapo shamba lote linaonekana. Nitasimama hapo hapo asubuhi na jioni, nipige mlima ule ule mpaka ufunikwe. Mpiga picha akikosa mtu hupiga alipopita mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Jioni, jiwe. Asubuhi nimechelewa, nililisha nguruwe. Mama kila alfajiri ananipa kazi ya nyumbani: nguruwe, maji, chai. "Utanikuta shambani," anasema, anatangulia.

Alhamisi, 14 Machi

Jiwe jioni tu. Nguruwe.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua ya mawe. Mibuni imepigwa lakini si sana. Mzee Isidori amezunguka akiigusa mmoja mmoja. Anainamisha kichwa upande wa kulia anapotazama kitu, kama kuku anayetazama punje. Tabia ya uzee, nadhani.

Jumanne, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Mzee alitoka na mapema kwenda misa. Nguruwe niliwalisha jana usiku kwa makusudi, ili leo niwahi jiwe langu. Nilifika jua linachomoza. Ukungu ulikuwa umefunika shamba, nikasikia majani yanachakarika, nikadhani mbuzi. Ulipopanda kidogo nikapiga picha kumi hivi, nikarudi kunywa chai.

Mchana mvua ikatufungia ndani. Nikafungua kompyuta, nikaweka picha ya jana jioni kando ya picha ya leo asubuhi. Jiwe lile lile, kamera ile ile, shamba lile lile. Majani si yale yale.

Jana jioni mistari ya mzee ilikuwa inayumba. Mmoja ulianza vizuri juu, ukapinda kushoto, ukaukata wa jirani yake, mraba ukawa pembetatu. Leo asubuhi mistari imenyooka kama imepigwa kamba. Na pembeni kabisa mwa picha ya nane, ndani ya ukungu, kuna mgongo ulioinama na kitenge cha njano, kama cha Mama Kunigunda.

Nimekaa na picha hizo mbili saa nzima. Tangu Songea nimekuwa nikijiuliza mume wa yule mwanamke alikuwa wapi siku ile. Sikuwahi kujiuliza yale majani yalikuwa ya nani.

Jumatano, 20 Machi

Nilimwonyesha jikoni, mzee akiwa kwa Pankras. Nilimpa kompyuta tu. Akafuta mikono, akatazama, akakaa kwenye kigoda.

"Basi umeniona," akasema.

Akanieleza yote huku anachochea maharage, sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili. Mzee hajui kutandaza. Hajawahi kujua. Mwaka wa kwanza wa ndoa matuta yao yalipasuka kwenye kona, maji yakapata njia, udongo wa shamba zima ukaishia mtoni. Kwa Wamatengo mwanamume asiyejua kutandaza hawezi kusimama mbele ya wenzake. Kwa hiyo mwaka wa pili, mume alipokwenda kusali, mke alipanda mlimani na umande akarudia mistari yote kabla wanawake wengine hawajaja. Na mwaka wa tatu. Na wa hamsini.

"Siku ile ulinikuta katikati ya kazi," akasema. "Kalenda ilipokuja, wakaniuliza, Kunigunda, mbona umeandikwa mjane? Ningesema nini? Ningesema mume wangu yupo, wangeuliza, sasa kwa nini unatandaza wewe? Nikaona heri aitwe marehemu kuliko aitwe hawezi. Marehemu ni utani. Hawezi si utani."

"Na yeye hajui?"

"Atajuaje? Anajisifu hakuna anayetandaza kama yeye." Akatabasamu, na hapo nikamwona yule mwanamke wa 1997. "Loveth, mwanangu, usiandike. Acha neno lako pale pale. Tumelizoea."

Nikamwambia siwezi kuchapa uongo nikijua ni uongo. Akasema hawezi kunipa ukweli. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi sasa nimekuwa kata bila kutaka.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Nicholaus ametuma ujumbe: kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu ya tarehe nane Aprili. Nimemjibu picha ya jalada itoke. Amenipigia mara tatu. Sijapokea. Ni picha iliyonifanya niwe nilivyo, nami naitoa. Inauma, nisijidanganye. Lakini jioni Mama Kunigunda alinipa jembe jipya la mpini mfupi, la saizi yangu, akasema sasa nachimba kama mtu. Nimelala na furaha ambayo kitabu hakijawahi kunipa.

Jumatano, 27 Machi. Liuli

Mzee Isidori alitaka samaki wa Ijumaa Kuu, Mama akasema nimsindikize. Tukashuka jana hadi Mbamba Bay, tukaendelea hadi kwa Devotha. Joto la ziwani limelifanyia goti langu mema kuliko dawa.

Leo asubuhi Devotha alikwenda kazini, tukabaki mimi na mzee. Aliniuliza kitabu kinaendeleaje. Nikamwambia picha ya mama nimeiondoa. Akaweka kikombe chini.

"Umeiondoa? Kwa nini?"

"Maneno yake si ya kweli, baba. Na ya kweli sina ruhusa nayo."

Halafu akainuka, akaingia chumbani kwa Devotha, akatoka na kalenda. Ile yenyewe, karatasi imekuwa rangi ya chai. Akaitandika mezani karibu na dirisha.

"Devotha aliitaka alipohamia huku. Nikampa kwa shingo upande. Tazama."

"Nimeitazama mara elfu, baba."

"Umetazama uso wake. Tazama majani."

Nikatazama. Upande aliokwisha pita mama, mistari imenyooka. Mbele yake, anakoelekea, inayumba, inapinda, inakatana. Picha hii nimeichapa kubwa kama mlango. Nimeitolea mhadhara Nairobi na Zanzibar. Sikuwahi kuona.

"Ile siku kalenda ilipotundikwa parokiani, watu walisoma maneno wakacheka," akasema. "Mimi nilitazama picha. Nikaona mistari yangu, niliyoitandaza siku moja kabla ya wewe kupiga, na nikaona mke wangu anainyoosha. Kabla ya hapo nilikuwa najisifu kilabuni, Mungu anisamehe; sasa najisifu mbele yake tu, asije akanishuku."

Akaniambia na la jicho. Utotoni tawi la mbuni lilimchoma jicho la kushoto, likabaki na ukungu. Alificha, kwa kuwa baba wa Kunigunda asingempa binti mtu asiyeona mstari. "Wewe unafumba jicho moja kwa kupenda, wanakupa tuzo," akasema. "Mimi langu lilifumbwa na kahawa, napata mistari ya konokono."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama kwamba anajua.

"Akijua kwamba najua, ataona aibu kwa ajili yangu. Sasa hivi anafurahi. Anarudi nyumbani na umande miguuni, anaimba. Unafikiri kwa nini nachelewa kutoka kanisani kila siku? Watu wanadhani mimi ni mcha Mungu. Nasubiri amalize."

Nilicheka mpaka machozi, na nusu ya machozi hayakuwa ya kicheko. Wazee hawa wawili wamefichana kitu kimoja miaka ishirini na sita, kila mmoja akimlinda mwenzake, na mimi nimebebeshwa siri ya wote wawili.

"Usiiondoe picha," akasema tulipokuwa tunafunga mbasa, samaki wetu wa Ijumaa Kuu, kwenye majani ya mgomba. "Mistari yangu imo."

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Baada ya misa Pankras alimkumbatia mzee na kutangaza: "Marehemu amefufuka!" Wanasema ni mzaha wa kila mwaka. Mama Kunigunda alicheka na wenzake, lakini nilimwona akimtazama mumewe haraka, kuhakikisha hajaumia. Naye mzee alikuwa anamtazama yeye kwa sababu ile ile. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Nicholaus anasema jalada lisilo na picha ile ni nyumba isiyo na mlango. Nimemwambia aingilie dirishani. Mzee, akinoa majembe uani, alisikia yote.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika na udongo wa shamba bado uko kuchani.

Leo ilikuwa ngokela, kazi ya kusaidiana. Majirani ishirini walikuja kumaliza kipande cha mwisho, wanaume watandaze, wanawake tuwafuate nyuma na majembe. Siku za ngokela Mzee Isidori huwa hashiki majani. Yeye ndiye mgawaji wa pombe na mnoaji wa majembe, na watu wanaona ni heshima ya umri. Leo alimpa Pankras kata ya pombe, akachukua fungu la majani, akaingia kwenye safu ya wanaume.

Mama Kunigunda alisimama wima. Nilisikia pumzi yake.

Mzee akatandaza. Mstari ukaanza vizuri, ukafikiria, ukapinda.

"Marehemu," Pankras akapaza sauti, "huo mstari unakwenda Malawi?"

Watu wakacheka. Mama akatupa jembe, akaanza kushuka kumfuata mzee, sijui kwa kumtetea au kumfunika. Mzee akanyoosha mgongo.

"Pankras, na ninyi wote," akasema, "jicho langu hili halioni tangu nikiwa mtoto. Mstari wowote ulionyooka mliowahi kuuona kwenye shamba hili ni wa mke wangu. Na kwenye ile kalenda alikuwa anarudia kazi yangu. Hakuwa mjane. Alikuwa na mume asiyejua kutandaza."

Akamgeukia mke wake.

"Mama Devotha, njoo uninyooshee. Leo usingoje niende kusali."

Mama alikuwa amesimama katikati ya miraba, mikono imening'inia.

"Ulijua?"

"Tangu kalenda."

"Isidori! Miaka yote hii nakimbizana na umande nikidhani nakuficha!"

"Na mimi miaka yote hii napiga magoti nikikusubiri umalize. Mwezi wa tatu nasali rozari mara tatu."

Mama akakaa juu ya tuta, tuta likabomoka, akacheka na kulia kwa pamoja huku kitenge kimefunika mdomo. Wanawake wakapiga vigelegele. Pankras akavua kofia, akamletea mzee kata iliyojaa, naye mzee akaipokea kwa mikono miwili.

Halafu mama akanitafuta kwa macho. "Loveth! Kamera iko wapi?"

Ilikuwa chumbani. Siku ya ngokela nilikuwa nimekuja kulima. Kazi yangu yote ni kuwapo kitu kinapotokea, na kilipotokea nilikuwa na jembe mkononi, na sijutii hata chembe.

Nilianza kukimbia. "Taratibu, goti lako!" akaniita. "Majani ni mengi, tutakukuta hapa hapa."

Niliporudi walikuwa wanatandaza pamoja, mzee anaweka, mama ananyoosha. Walipofika kwenye ule mstari wa Malawi mama aliinua mkono. "Huu tuuache," akasema. Nikapiga picha tatu. Sikuhitaji ya nne.

Jioni alinipa maneno, mzee akiwa pembeni. Nimeyaandika alivyoyasema na kumtumia Nicholaus kabla ya chakula.

Jumapili, 14 Aprili

Maharage yamechipua. Nicholaus alisogeza mtambo wiki mbili, akalalamika kwamba maneno ya picha ni marefu, tukate sentensi ya mwisho. Nimemwambia akate chochote kingine, hata jina langu.

Jumapili, 9 Juni

Kitabu kimefika kwa basi la Mbinga, kimefungwa kwenye gazeti. Nimekisoma kwa sauti uani, jalada tu, maana ndilo walilolitaka:

"Kunigunda Ndunguru akinyoosha mistari ya mume wake, Isidori. Mkumbi, Machi 1997. Mume yuko hai."

Mzee aliinamisha kichwa kulia, akaweka kidole juu ya majani yaliyopinda. "Hii yangu," akasema, akageuza kitabu ili Pankras naye aone vizuri.

Tumevuna juzi. Mstari wa Malawi ulipasuka kona moja na maji yalipita, lakini umetoa sado moja na nusu. Mama aliyaweka maharage ya mstari huo kando, na leo ameyapika bila kuyachanganya. Yameiva sawa na mengine.